Wazazi waliposimama, wimbo ukakatika: kisa cha kishikwambi na spika mbili

Mwishoni mwa Novemba, msimu wa mahafali, kazi zinazoingia kwenye kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, huwa za aina mbili: simu zilizoanguka na spika zilizoaibisha watu. Jumatatu moja, kabla sijamaliza kupanga meza, akaingia mwalimu wa darasa la awali na kikapu cha ukindu. Akatoa kishikwambi, akatoa spika ya kwanza, akatoa ya pili, na chaja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Aliviweka juu ya kioo kimoja kimoja, kama mtu anayetoa vielelezo mahakamani.

"Fundi, hivi vitu vimenidhalilisha mbele ya wazazi. Nataka uniambie kibovu ni kipi."

Kishikwambi ni kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Kabla ya Sensa ile neno hilo lilikuwa la taarifa ya habari, siku hizi hata bibi yangu anauliza "kile kishikwambi kiko wapi?" Spika ni za Bluetooth, zisizo na waya, zilinunuliwa kwa michango ya wazazi, zimefanana kama mapacha, zile zinazoweza kushikana zenyewe kwa zenyewe zikapiga wimbo mmoja. Hazikuwa za bei mbaya na hazikuwa takataka. Niseme mapema kwamba mwisho wa yote hakuna kilichoonekana kibovu, na hapo ndipo kisa hiki kilinipa kazi.

Jumamosi ya kabla ya hapo kulikuwa na mahafali uwanjani, chini ya mwembe. Watoto 32 wa awali walikuwa wacheze wimbo wa kuhesabu. Wimbo ulianza safi. Ulipofika pale watoto wanapogeuka na kunyoosha mikono, ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena, kama redio kwenye basi linalopanda kona za Lushoto. Watoto wakabaki mikono juu, macho kwenye spika. Mama mmoja akaudaka wimbo kwa mdomo, wazazi wakaitikia, shughuli ikamalizika kwa vigelegele. Wazazi walirudi nyumbani wamefurahi, Madamu akarudi na kikapu chake hakulala.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jumatano iliyotangulia walifanya mazoezi mahali palepale, kwa vifaa vilevile, na wimbo ukapiga mara sita bila hata kukohoa.

Nikafanya anachofanya kila fundi akiwa hajafikiri. Nikaingia Mipangilio, nikaigusa ile spika, Sahau, kisha Oanisha kifaa kipya. Ikaunganika mara moja. Nikapiga wimbo dakika 20. Nikabeba kishikwambi hadi mlangoni, nikavuka barabara hadi kwa muuza chipsi, nikarudi. Hata mkwaruzo. Nikamgeukia kwa ile sauti yetu ya ushindi: "Tayari Madamu, imepona."

"Imepona nini? Uliiona ikiumwa?"

Alikuwa na haki. Kusahaulisha na kuoanisha upya ni dawa ya ugonjwa mmoja, pale vifaa viwili vinapokataa kutambuana. Vyake havikuwahi kukataana. Ningepokea hela yake, na mahafali yanayofuata wimbo ungekatika tena.

Kwa hiyo nikaacha kushika vifaa, nikaanza kumhoji yeye. Swali la kwanza huwa ni hili: kilipotokea kisa, kishikwambi kilikuwa kinaonyesha nini? Akasema kilionyesha kimeunganishwa wakati wote. Hapo tukaondoa dhana ya jirani yake, kwamba simu ya mzazi mmoja "iliinyakua" spika. Kunyakuana kupo. Spika nyingi zikiwashwa hutafuta kifaa cha mwisho kuzipigia, na kama ni simu ya mtoto wa mwenye nyumba aliyeko chumba cha pili, basi huko ndiko zitakakokwenda. Lakini ikishanyakuliwa, kwako inaonekana imetoka, na hairudi yenyewe baada ya sekunde mbili.

Dhana ya betri nayo ikafa haraka. Spika hizi chaji ikikaribia kwisha hulia mlio wa onyo, kisha huzima zikabaki zimezima. Hazizimi na kuwaka katikati ya ubeti.

Kuna na lile tatizo la "imeunganishwa lakini haitoi sauti", ambalo huniletea wateja wengi kuliko yote. Mtu anadhani kuunganika ni jambo moja, kumbe ndani yake mna njia mbili, moja ya muziki na nyingine ya simu. Ukigusa alama iliyo pembeni ya jina la spika unakuta kitufe cha Sauti ya maudhui. Kikizimwa, kishikwambi kitasema kimeunganishwa, nacho hakisemi uongo, ila wimbo utaendelea kutokea kwenye kispika chake chenyewe. Cha Madamu kilikuwa kimewashwa. Na wake ulikuwa ugonjwa wa kukatika, si wa kutotoka.

Swali la pili ndilo lililofungua mlango.

"Madamu, wimbo uliporudi, ulirudi pale ulipoachia au ulirudi mbele?"

Akafikiri. Akaimba kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole. "Ulirudi mbele. Uliachia kwenye tatu, ukarudi kwenye tano. Ndiyo maana watoto walichanganyikiwa."

Wimbo ungekuwa unavutwa kwenye intaneti na bando likawa linasuasua, ungesimama kwenye tatu na kuendelea kuanzia tatu. Uliporuka hadi tano, maana yake kishikwambi kilikuwa kinapiga muda wote bila kujua kwamba hakuna anayekisikia. Wimbo ulitoka salama na ukapotelea hewani, kati ya kishikwambi na spika.

Hapa lazima nieleze kidogo hiyo hewa. Bluetooth, mtaani blutuu, hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Nafasi yake imegawanywa vijia 79, na kishikwambi na spika huruka pamoja kutoka kijia hiki hadi kile, hata kufikia mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili. Tangu toleo la 1.2, la mwaka 2003, wamefundishwa pia kukwepa vijia vyenye kelele. Kipande cha wimbo kikipotea, kinatumwa tena. Na spika huweka akiba ndogo ya muziki, sehemu tu ya sekunde, ili kipande kilichochelewa kiwahi kufika kabla masikio hayajagundua. Kwa hiyo ukisikia wimbo umekatika, ujue upotevu umekuwa mkubwa kiasi cha kuimaliza akiba. Si kwamba kijia kimoja kimezibwa. Njia nzima imezibwa.

Ilizibwa na nini? Jumatano palikuwa na watoto na walimu wawili. Jumamosi palikuwa na wazazi zaidi ya mia. Nilishuku kitu, lakini kibandani nisingeweza kukithibitisha. Nikamwambia nitakuja shuleni.

Nilikwenda Jumatano alasiri. Nikamwomba apange kila kitu kama siku ile, asinirahisishie. Akaleta meza ya wageni chini ya mwembe, akaweka kishikwambi juu yake. Spika moja akaiweka hatua tatu kutoka mezani. Nyingine akaipeleka ng'ambo, hatua kama 15, akaiweka juu ya kiti cha plastiki. Katikati ndipo wazazi walipoketi.

"Nani aliziwasha Jumamosi?"

"Kijana wa darasa la saba. Mimi nilikuwa navalisha watoto majoho."

"Na Jumatano ya mazoezi?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ulibonyeza ipi?"

Akainyooshea kidole ile ya karibu. Tukamwita kijana. Akaja amenyooka kama mshitakiwa, akasema yeye aliibonyeza ile ya ng'ambo, kwa sababu ndiyo aliyoipeleka na ndiyo iliyokuwa mkononi.

Spika pacha za namna hii hazipokei wimbo zote mbili kutoka kwenye kishikwambi. Kishikwambi huongea na moja tu, kiongozi, na kiongozi humrushia mwenzake. Kwa spika hizi, ile unayobonyeza kitufe cha kushikanisha ndiyo inayokuwa kiongozi. Jumatano ya mazoezi kiongozi alikuwa hatua tatu kutoka mezani. Jumamosi kiongozi alikuwa ng'ambo ya umati, na ile spika ya karibu, iliyokuwa karibu kuguswa na kitambaa cha meza, ilikuwa inasubiri wimbo wake uvuke watu wote uende ng'ambo kisha uvuke tena kurudi. Ni sawa na kutaka kumwambia jambo mtu aliyekaa ubavuni mwako, ukamtuma mjumbe mtaa wa pili aje amwambie.

Nikamuuliza Madamu kama spika zilikatika pamoja au moja moja. Pamoja, akasema, zote kimya. Kiongozi angekuwa yule wa karibu, ng'ambo pangekatika lakini huku pangeendelea, na watoto wangecheza.

Tukapanga kama alivyofanya kijana. Nikapiga wimbo. Ukapiga vizuri.

Madamu akanitazama.

Uwanja ulikuwa mtupu, na hatua 15 za uwanja mtupu si kitu. Nikamwomba watoto wake. Wakaja mbio, wote 32, wakaketi kwenye mikeka kati ya meza na ile spika ya ng'ambo. Wimbo ukaendelea, ukachubuka kidogo mara moja. Nikawaambia: haya, simameni mje mbele, karibu na meza.

Wakasimama. Wimbo ukakatika.

Ketini. Ukarudi. Simameni. Ukakatika. Mara ya nne hawakuningoja mimi. Walikuwa wamegundua kwamba wao wenyewe ndio swichi, na kwa dakika tano nzima wakawa wanauzima na kuuwasha wimbo kwa makalio yao, wanacheka hadi wengine wanaanguka. Kijana wa darasa la saba naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aitwe. Madamu akasema polepole: "Wazazi walisimama kupiga picha. Pale kwenye kugeuka. Wote walikuja mbele na simu."

Mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji, na maji huyameza mawimbi ya gigahezi 2.4. Wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 12, halina ubavu wa kumzunguka mtu aliyesimama mbele yake, sembuse safu nne za watu. Mbaya zaidi ni mtu aliyesimama karibu kabisa na kifaa, kama wazazi walioegemea meza ile, kwa sababu kivuli chake kinafunika upande mzima.

Lakini kibandani kwangu pia kuna watu, tena wamebanana, na wimbo haukukatika. Hili ndilo jambo ambalo wateja hukataa kuliamini, na mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa. Tumezoea kufikiri kwamba ndani kuna kuta kwa hiyo ni kugumu, nje ni kweupe kwa hiyo ni rahisi. Ukiwa chumba kimoja na spika, mambo ni kinyume. Kuta, dari na bati hurudisha mawimbi. Ukikatiza njia ya moja kwa moja kwa mwili wako, wimbo unagonga ukuta wa kushoto, unagonga dari, unafika. Uwanjani hakuna cha kuurudisha isipokuwa ardhi. Mtu akisimama katikati, hakuna njia ya pili. Ndiyo maana vifaa vile vilikuwa vizima kwangu na vikawa wagonjwa kwake, na ndiyo maana majaribio yangu ya Jumatatu, dakika 20 pamoja na kuvuka barabara, hayakupima chochote.

Madamu aliuliza kuhusu simu za wazazi, kwamba si ndizo zinazogombania hewa? Zinachangia. WiFi au hotspoti ya gigahezi 2.4 hukalia karibu robo ya vile vijia 79, na hotspoti tatu zikipangana vizuri zinaacha nafasi nyembamba. Lakini siku ile nilikata wimbo kwa watoto 32 wasio na simu hata moja. Ningekuta simu tu bila miili, naamini ule mtindo wa kurukaruka na kukwepa ungeziweza.

Dawa ilikuwa fupi kuliko uchunguzi. Nikazizima zote mbili, nikabonyeza ile ya karibu kwanza, ikawa kiongozi. Watoto wakasimama. Ng'ambo pakakatika, huku pakaendelea. Nusu ya ushindi. Kisha tukaitoa spika ya ng'ambo kwenye kiti, tukaitundika kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya katani, na kiongozi tukampandisha juu ya dawati lililowekwa juu ya meza. Sasa walikuwa wanaonana juu ya vichwa vya watu. Watoto wakasimama, wakaruka, wakapunga mikono, wimbo ukawagomea kukatika. Walisikitika sana.

Kishikwambi chenyewe tulikiweka palepale pembeni ya kiongozi, si mbele ya mwalimu. Watu hupenda kukishika mkononi wakizunguka nacho, wakikikumbatia kifuani, na kifua ni tangi la maji. Kikae na spika yake. Nikamwambia pia nyimbo za shughuli azihifadhi ndani kabisa, asizivute kwa hotspoti wakati wa shughuli, maana kwenye vifaa vingi WiFi na Bluetooth hupokezana antena moja, na kila moja ikishika zamu mwenzake anangoja. Na kama kishikwambi kina laini ya simu, ageuze hali ya ndegeni kisha aiwashe Bluetooth peke yake. Simu ikiingia katikati ya wimbo spika huhamia ile njia ya simu, na umati mzima unasikiliza shemeji akiuliza ugali umeiva.

Nikadhani nimemaliza. Akaniambia kuna kero nyingine, ya darasani, ambayo hakuisema kwa sababu aliona aibu kuleta mbili kwa mpigo. Ana programu ya kusoma: mtoto anagusa herufi, kishikwambi kinaitamka. Akiiunganisha na spika ili darasa zima lisikie, inachelewa. Tukaingia darasani, mtoto mmoja akaonyesha. Akagusa "ba". Kimya. Akagusa tena, kwa nguvu kidogo. "Ba. Ba," ikasema spika, na mtoto akanitazama kama mimi ndiye niliyesema.

Hii haiponi kwa kutundika kitu mtini. Ile akiba inayookoa wimbo usikatike ndiyo hiyohiyo inayouchelewesha. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa, inakaa kwenye foleni, na hadi itoke imepita kama moja ya tano ya sekunde, pengine zaidi. Kwenye wimbo mtupu hakuna anayejua, kwa sababu hakuna cha kulinganisha. Kwenye video pia mara nyingi huoni, kwa kuwa programu ya kuchezea video hujua kwamba sauti iko njiani, basi huichelewesha picha makusudi ili vifike pamoja. Lakini hakuna programu inayoweza kukichelewesha kidole cha mtoto. Na mtoto wa miaka mitano asipojibiwa papo hapo hujifunza kitu kingine kabisa, kwamba "ba" hugongwa mara mbili.

Kwenye kikapu changu nilikuwa na waya wa AUX. Kishikwambi chake kina tundu la hedifoni, spika ina tundu lake nyuma, chini ya kile kifuniko cha mpira ambacho wengi hawajawahi kukifungua tangu wanunue. Nikachomeka. Mtoto akagusa, spika ikajibu kabla hajainua kidole. Waya unalisha spika moja tu, lakini kwa chumba kile moja inatosha, na meza ya mwalimu haiendi popote. Madamu alicheka kidogo kwamba tumenunua spika zisizo na waya ili tuje tuchomeke waya. Nikamwambia uwanjani azitumie bila waya, darasani achomeke, spika hazitanuna.

Kabla sijaondoka alimtuma kijana wa darasa la saba kwa mwalimu mwenzake akaazime rangi ya kucha. Ikaja nyekundu. Kijana mwenyewe akapewa heshima ya kupaka alama kwenye ile spika itakayokuwa ikibonyezwa kwanza na kukaa karibu na meza. Alipaka duara, kisha akaongeza namba 1 katikati, akapuliza hadi ikakauka.

Nilimwambia Madamu elfu tano pamoja na waya. Akanipa elfu nne na maembe mawili.